Kodi ya miezi sita na kausha damu: tuandike nini kwenye ukurasa wetu mmoja?

Katibu wa Kikoba, Tabata

Habari za humu wakuu. Naomba akili zenu juu ya ukurasa wa maoni tunaotaka kumpa diwani wetu kuhusu kodi za vyumba na mikopo, hasa akili za wanaojua sheria na za wenye nyumba, maana wapangaji wenzangu nawajua tayari watasema nini.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Tabata, upande wa Segerea. Kazi yangu kubwa ni daftari. Kwenye daftari la mikopo kuna safu moja ambayo mwenyekiti wetu aliing'ang'ania tangu tunaanza: "mkopo wa nini". Wanachama wengi wanaona ni umbea tu wa mwenyekiti. Wakati wa kufunga mzunguko nikaisoma safu hiyo peke yake, kuanzia juu hadi chini. Nilitegemea kuona mtaji, ada, msiba. Vipo. Lakini kinachojirudia kuliko vyote ni kodi. Kodi ya chumba. Kodi na dalali. Kodi, kahamishwa. Kikoba tulikianzisha kwa ajili ya kukuza biashara, kumbe pesa inaingia huku inatokea kwa wenye nyumba.

Nipige hesabu ya mwenzetu mmoja, jina simtaji. Anauza supu na chapati asubuhi. Alipata chumba cha 80,000 kwa mwezi, choo cha kuchangia. Mwenye nyumba akataka miezi sita, yaani 480,000. Dalali akataka mwezi wake, 80,000. Jumla 560,000 kabla hajahamisha hata ndoo. Sisi tunakopesha mara tatu ya hisa, na hisa zake zilikuwa laki moja, kwa hiyo kwetu alipata laki tatu. Pengo la 260,000 alilipeleka kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Wakamwandikia laki tatu, wakakata 15,000 ya fomu, akaondoka na 285,000. Rejesho ni 13,000 kila siku kwa siku thelathini. Zidisha wenyewe: 390,000. Alichoshika mkononi na alichorudisha vimepishana kwa 105,000, zaidi ya kodi yake ya mwezi.

Sasa jumlisha kodi, dalali na hiyo 105,000, halafu gawa kwa sita. Chumba cha elfu themanini kimegeuka cha 110,833, na hapo riba yetu ya kikoba sijaihesabu. Hakuna mtu aliyempandishia kodi. Amepandishiwa na namna ya kulipa.

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ukimlipa mtu miezi sita mbele, mitano kati ya hiyo bado hujaila. Ni mkopo umempa. Mwenye nyumba mwenye vyumba vitano vya bei hiyo anashika 2,400,000 kwa mpigo, bila riba, bila dhamana, bila mdhamini wala barua ya serikali ya mtaa. Muuza chapati anamkopesha bure mtu mwenye nyumba, na ili aweze kumkopesha inambidi yeye akakope kwa riba ya kukausha damu. Halafu bungeni na redioni haya mambo yanajadiliwa mbalimbali: kodi za nyumba siku yake, mikopo umiza siku yake. Kwenye daftari langu yamekaa mstari mmoja.

Kuna na hili la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikawa 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Tuliambiwa tupatane na wenye nyumba watufidie kwenye kodi ya chumba. Nani humu amefidiwa? Ni hela ndogo, sitaigombea sana, ila inaonyesha mzigo unavyoteremka mpaka umfikie wa mwisho.

Na ukitaka kulalamika, unakwenda wapi? Umeme na maji tuna EWURA na baraza la watumiaji. Simu tuna TCRA na baraza lake. Daladala tuna LATRA na baraza lake. Nyumba, ambayo inakula hela kuliko nauli, vocha na umeme kwa pamoja, ina mjumbe na dalali.

Kilichonileta: diwani wetu amesema tukimwandikia maoni ukurasa mmoja atayafikisha kwa mbunge. Ukurasa mmoja tu, akasisitiza, "mkiandika kitabu hakisomwi". Kikao chetu kikagawanyika. Wengine wanataka serikali ipange bei za vyumba. Mimi naogopa hilo, naona vyumba vitafichwa na bei halisi italipwa pembeni. Wengine wanataka kausha damu wafungiwe wote, sawa, ila kesho kodi ikiisha watakimbilia wapi? Mimi nataka tuanze na miezi: mtu alipe kwa mwezi, ikizidi sana mitatu. Maswali yangu mawili. Je, hakuna sheria tayari inayosema hivyo ila haifuatwi? Na nyie mngeandika nini cha kwanza?

Kijana wa Goba

Suluhisho ni rahisi dada, jengeni zenu. Kulalamikia nyumba ya mtu ni wivu.

Katibu wa Kikoba, Tabata

Asante. Nitamwambia muuza chapati ajenge, wakati anajenga alale kwako.

Msaidizi wa Kisheria, Temeke

Katibu, nakujibu la kwanza. Sheria ya namna hiyo haipo, lakini iliwahi kuwepo sheria kali zaidi ya unayoiomba. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984. Ilikuwa na mabaraza yake, kodi ilikuwa na kiwango kinachotambulika, na mwenye nyumba hakuweza kukutoa kwa kuamka na hasira. Ilifutwa 2005. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba inawakatisha tamaa wawekezaji wa majengo. Kabla ya hapo nchi hii ilikwenda mbali zaidi, wakubwa mnakumbuka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalivyotaifishwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo ukiingia kwa mbunge na neno "bei elekezi", kuna watu watasikia 1971 na mazungumzo yataishia mlangoni. Kwenye hilo uko sahihi kuwazuia wenzako.

Tangu 2005 mpangaji anategemea Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113. Humo hakuna kifungu kinachoweka ukomo wa kodi ya mbele. Mkataba ukisema mwaka, ni mwaka. Mawaziri wa ardhi wamelisemea jambo hili zaidi ya mara moja majukwaani, lakini kauli ya waziri siyo kifungu, ukiipeleka barazani haikusaidii.

Sasa nikupe tahadhari ambayo naona haijatajwa. Chini ya sheria hiyo hiyo, kama mkataba hautaji muda wa upangaji, upangaji unahesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, na notisi ya kuuvunja haitakiwi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Umeona ilipo? Mkishinda mkaanza kulipa kwa mwezi, na mikataba yenu ikabaki hii ya karatasi ya daftari isiyo na muda, mtakuwa mmejipunguzia wenyewe notisi ikawa ya mwezi mmoja. Leo mwenye miezi sita, pamoja na maumivu yake, angalau hasumbuliwi mpaka iishe. Msiombe malipo ya mwezi peke yake. Ombeni malipo ya mwezi na muda wa mkataba usiopungua mwaka, viende pamoja, na kodi isipandishwe ndani ya muda huo.

Mahali pa kulalamika papo, ila watu hawapajui. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, linapatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku thelathini unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tatizo ni kwamba baraza hilo hilo ndilo linasikiliza kesi za viwanja, mirathi yenye mashamba, na mipaka. Kesi ya amana ya elfu themanini inakaa foleni moja na kesi ya ekari hamsini. Na ukifika, mkataba wako hauna stempu. Usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ulipiwe.

Mzee wa Kimara

Nimesoma yote. Mimi ndiye mwenye nyumba mnayemsema, nina vyumba sita Kimara, nilivijenga kwa kiinua mgongo na kwa hiyo hiyo miezi sita mnayoilaani.

Binti, hesabu yako ya mkopo bila riba ni ya kweli, siipingi. Ila jiulize kwa nini naukopa kwa mpangaji. Mimi mstaafu, benki gani itanipa mkopo wa nyumba nikiwa na umri huu, kiwanja chenyewe hakijapimwa? Chumba cha tatu kiliezekwa na kodi za chumba cha kwanza na cha pili. Mji huu sehemu kubwa umejengwa namna hiyo, tofali kwa tofali, na wapangaji wakiwa ndani. Siyo benki iliyoujenga. Ukikata miezi sita leo, vyumba vilivyopo havitaanguka, lakini vile vilivyofika kwenye lenta vitakaa kwenye lenta.

La pili ni woga. Nilishawahi kumkubalia kijana mmoja alipe kwa mwezi, mpole, mtoto wa kanisani. Miezi miwili akalipa, wa tatu akaanza maelezo, wa nne hapokei simu, lakini taa inawaka. Nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akasema muende mkaelewane. Nikaenda kata. Muda wote huo anakaa bure na maji anatumia. Mwisho akahama usiku na bili ya maji akaniachia. Miezi sita mbele siyo ubepari wangu, ni mahakama yangu. Ndiyo pekee ninayoiamini kwamba itanipa haki kwa wakati.

Kwa hiyo nawaambia kwa nia njema: kama mnataka nipokee kodi kwa mwezi, nipeni mahali ambapo mpangaji asiyelipa miezi miwili anaamriwa kuondoka kwa haraka na kihalali. Bila hiyo, mkipitisha sheria ya miezi mitatu nitaandika mitatu kwenye karatasi na kupokea sita mkononi. Na mtakubali, kwa sababu mnahitaji chumba.

Katibu wa Kikoba, Tabata

Shikamoo mzee. Hili la mwisho limenichoma kwa sababu ni kweli, tutakubali. Lakini naomba kukuuliza bila kukuvunjia heshima: Shirika la Nyumba la Taifa linapokea kodi kwa mwezi, na lina wadaiwa sugu, na halijafa. Na wewe, ukipokea mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja unayoishikilia, yule kijana angekula amana kabla hajaanza kukula wewe. Ungekubali?

Mzee wa Kimara

Marahaba binti. Shirika linaweza kuwatoa watu vyombo kwa dalali wa mahakama na magazeti yakaandika. Mimi nikigusa kitanda cha mtu naitwa polisi. Amana ya mwezi mmoja haitoshi, miwili ningefikiria. Na dalali mumalizane naye wenyewe, mimi sijamtuma.

Katibu wa Kikoba, Tabata

Kumbe hujamtuma! Na yeye anasema katumwa na wewe. Basi alipwe na nani?

Niliyekuwa Afisa Mikopo

Niliifanya kazi hiyo ya kupita na daftari asubuhi, nikaacha. Nichangie upande wa mkopo, maana naona mmeuacha.

Wengi wanadhani kausha damu ipo kwa sababu hakuna sheria. Ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018 na kanuni zake za 2019. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea akiba za wateja ni daraja la pili, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu ya huyo mama, riba ya mwezi ilipaswa kuwa shilingi 10,500. Akalipa tisini elfu ya riba na 15,000 ya fomu.

Inapitaje? Njia ya kwanza ni kutokuwa na leseni kabisa: meza, mwavuli, vitabu vya risiti. Njia ya pili ni ya wenye leseni, na ndiyo iliyoniondoa kazini. Kwenye karatasi riba ni 3.5. Halafu kuna ada ya fomu, ada ya kuchakata, ada ya tathmini ya dhamana, "bima", na faini ya kila siku ukichelewa. Mkaguzi akija anaona 3.5. Mteja anaona rejesho la siku, hajui kingine. Nilikuwa nawauliza wateja "riba yako ni ngapi", wanajibu "elfu kumi na tatu".

Kitu kingine kinachofichwa na marejesho ya kila siku: kuanzia siku ya pili hushikilii laki tatu tena. Siku ya kumi na tano umeshabakiwa na karibu nusu. Kwa wastani wa mwezi mzima yule mama alikuwa ameshika kama 145,000 hivi ya hela yao, na akailipia 105,000. Hiyo siyo asilimia thelathini, inapita sabini kwa mwezi mmoja. Kama mnaandika jambo moja tu kuhusu mikopo, andikeni hili: ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, uandikwe shilingi utakazopokea mkononi na shilingi zote utakazorudisha, ada zikiwa humo humo. Siyo asilimia. Shilingi kwa shilingi. Kinachozidi hapo hakidaiwi.

Za kwenye simu ni hadithi nyingine. Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na kibali Novemba 2024, na kupigia simu ndugu na mabosi wa mdaiwa ni jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweza kulishughulikia. Programu inafungiwa leo, kesho inarudi kwa jina jipya na nembo ya rangi nyingine. Mlalamike, ila msitegemee ukurasa wenu ubebe na hilo.

Halafu Katibu, usinichukie: vikoba ni daraja la nne, mnatakiwa kusajiliwa halmashauri. Mmesajiliwa? Maana mbunge anaweza kuanza na swali hilo.

Katibu wa Kikoba, Tabata

Tumesajiliwa, cheti kipo kwa mwenyekiti kimewekwa laminesheni, na afisa maendeleo ya jamii anatufahamu. Hilo la shilingi mkononi na shilingi za kurudisha nimeliiba, linaingia kama lilivyo. Na sisi wenyewe tutaanza kuandika hivyo kwenye fomu zetu, maana tuna "mfuko wa jamii" tunaoukata juu kwa juu ambao hatujawahi kuuita gharama.

Jamaa wa Umoja, Nairobi

Habari zenu majirani. Nafuatilia huu uzi nikitabasamu na kulia kidogo, kwa sababu hicho mnachokiomba sisi tunacho, na bado tunalia.

Huku Nairobi kodi ni ya kila mwezi. Ukiingia nyumba unalipa mwezi mmoja na deposti ya mwezi mmoja, basi. Kwa hilo dada wa Tabata uko sawa kabisa, mtu wa kibarua anaweza kuhama bila kuuza kitanda. Lakini kila mwezi nayo ina meno yake. Ikifika tarehe kumi hujalipa, unarudi jioni unapata kufuli juu ya kufuli lako. Na deposti ukihama ni vita. Landilodi anakwambia amepaka rangi, amebadilisha kitasa, sinki ilikuwa na ufa, na hesabu yake kwa miujiza inafika pale pale deposti ilipo. Siku hizi tuna mahakama ya madai madogo, hadi shilingi milioni moja, na watu wameanza kuitumia kudai deposti. Kwa hiyo mkiomba amana, andikeni hapo hapo inarudishwa ndani ya siku ngapi na nani anakagua nyumba mkiwa wawili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

La muhimu zaidi ni hili. Tuna sheria ya kudhibiti kodi, Cap 296, na mahakama yake maalum. Inamlinda mpangaji vizuri sana kwenye karatasi. Shida ni kwamba inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Siku walipoandika kiasi hicho kilikuwa pesa. Leo tafuta nyumba ya 2,500 hapa Umoja uniite nihamie. Sheria haijafutwa, imezeeka ikiwa imekaa kwenye kabati, bei zikapita juu yake. Mswada mpya wa 2021 ulikuja na haukufika mwisho. Kwa hivyo msiandike kiasi cha shilingi popote kwenye ombi lenu. Andikeni miezi, andikeni mara ngapi ya kodi. Shilingi huoza.

Na kwa mikopo, sheria yetu ya benki ina kifungu cha 44A: mkopo ukishindwa kulipika, riba itakayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi deni lenyewe lililokuwa limebaki. Kama kwenu hakuna, ombeni. Ni sentensi fupi na inaingia kwenye ukurasa.

Kijana wa Goba

Sawa, nimesoma mpaka hapa. Nilikuwa natania ile ya kwanza. Mimi mwenyewe natakiwa kulipa mwaka mzima wa fremu na mwenye fremu hataki kusikia chini ya hapo. Fremu za biashara mtaziweka?

Katibu wa Kikoba, Tabata

Karibu tena. Fremu hatutaziweka, ukurasa ni mmoja na sisi tunatetea mahali pa kulala. Andikeni wa kwenu wenye fremu, nitawapa mfano.

Wakuu, nimekaa na mwenyekiti tumeandika upya. Nimebadilisha mpangilio kwa sababu ya mzee wa Kimara. Nilikuwa naanza na miezi. Sasa naanza na baraza: tunaomba kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuwe na siku maalum ya kesi ndogo za upangaji, kodi na amana, zisizochanganywa na viwanja, zenye ukomo wa siku za kuamuliwa, na mwenye nyumba naye aweze kumfungulia asiyelipa. Mbunge akiona ombi la wapangaji linaanza na haki ya mwenye nyumba, nadhani ataendelea kusoma.

Baada ya hapo ndipo kodi: malipo kwa mwezi, na cha kushikilia mbele, uite amana au uite kodi, kisizidi mara mbili ya kodi ya mwezi. Nimesema mbili ili mzee asiseme tumemnyima. Papo hapo mkataba usipungue mwaka na kodi isipande ndani yake, kama alivyosema Msaidizi. Amana irudi ndani ya siku kumi na nne, nyumba ikaguliwe na wote wawili. Udalali alipe aliyemtuma dalali, na iandikwe kwenye mkataba nani kamtuma. Mikopo imepata sentensi mbili, ya shilingi kwa shilingi na ya deni lisizae kuzidi lenyewe. LUKU nimeiondoa, nafasi imeisha. Hakuna kiasi chochote cha shilingi kwenye maombi, isipokuwa hesabu ya muuza chapati, ambayo tumeibandika nyuma ya karatasi kama kiambatisho. Mwenyekiti anasema kiambatisho siyo ukurasa.

Kuna kitu kimesahaulika kabla sijampelekea diwani Jumatatu?

Msaidizi wa Kisheria, Temeke

Kimoja. Neno "mkataba" liandike "mkataba wa maandishi", na ombeni fomu moja rasmi ya bure ipatikane ofisi ya serikali ya mtaa. Bila hivyo huo mwaka mmoja mtabishania kwa mdomo. Halafu ushuru wa stempu kwa upangaji wa makazi wa kodi ndogo uondolewe, au fomu hiyo ije nao tayari.

Mzee wa Kimara

Na bili ya maji. Andika kwamba amana inakata na bili ya maji. Ukiweka hilo nami nitasaini, na nitawaleta wenye nyumba wawili wa jirani wasaini.

Katibu wa Kikoba, Tabata

Nimeweka, mzee. Maji na umeme wa mita ya pamoja. Nije na karatasi Kimara siku gani?